Uzi Mweupe wa Nesi

Mimi hakuna jambo la kunishangaza. Nimeuza boriti za mikoko Nyamisati nikiwa na suruali moja. Nimeona kiboko akiingia kwenye mpunga wa mjomba wangu akalala humo mpaka jua likapanda, kama mwenye hati ya shamba. Nimeona mto umeamka umehama, mtu aliyelala ng'ambo hii akajikuta yuko ng'ambo ile. Shule niliiacha darasa la nne, na leo ukishuka stendi ya Kibiti ukauliza pa kuchapa barua, pa kutoa kopi, pa kupiga picha ya kitambulisho au kutuma maombi ya chuo, utaonyeshwa bango langu la buluu, na kama hulioni basi macho yako yana matatizo. Kompyuta tisa, printa tatu, mashine ya kopi yenye ukubwa wa kabati la bibi harusi. Sikurithi hata msumari.

Kwa hiyo nikisema yuko mama mmoja mtu mzima aliyenikosesha raha kwa miaka, ujue anayesema si mtu wa kutetemeka ovyo.

Jina lake halihitajiki. Kibiti na Mtawanya anakokaa anaitwa Nesi. Manesi wako wengi, lakini ukisema Nesi bila kuongeza kitu, ni yeye. Alizalisha watu mpaka akastaafu. Wanangu wote watatu wamepita mikononi mwake, na yule wa pili aliyekuja vibaya, asingekuwa Nesi leo tungekuwa tunasema mengine. Alipostaafu watu walidhani atafuga kuku. Kuku alifuga. Lakini kazi yake hasa, tena ya kujifurahisha, maana hakuna aliyemtuma, ikawa kuzalisha mifumo ya kompyuta.

Nieleze kwa lugha yangu, maana mimi nilielezwa kwa lugha ya wasomi nikapoteza miezi. Kompyuta ni debe. Kinachofanya debe lijue kuandika na kuchapa ni mfumo. Mfumo unaojulikana na wengi unauzwa, na sisi wengi tulikuwa tunatumia wa kuchakachua. Uko mwingine, Linux, huku tunautamka Linaksi, ambao hauna tajiri mmoja. Unauchukua bure, unaruhusiwa kuufungua tumbo, ukatoa usichokipenda, ukatia unachokipenda, ukaupa jina, ukaugawa. Wako watu duniani wanaofanya hivyo kwa raha zao tu, kama wengine wanavyofuga njiwa. Nesi ni mmoja wao. Kwa ninavyojua mimi, upande wetu huu wa mto yuko peke yake.

Alijifunzia wapi? Ukimuuliza atakujibu, "Zamu za usiku." Kazini kwake kulikuwa na kompyuta iliyokufa, imewekwa stoo chini ya magodoro mabovu. Aliiomba akaambiwa achukue, ni takataka. Ndani ya droo ya meza akakuta kisahani cha CD chenye Linaksi, alichosahau mgeni fulani. Basi. Mengine aliyatafuta mwenyewe kwa simu na bando la bei poa, neno moja moja, kama mtu anayechambua mchele.

Mimi alinikuta kwenye shida. Kompyuta zangu za kwanza zilikuwa mitumba ya Dar, na kila mteja akija na flashi yake anakuja na virusi vyake. Zikaganda moja baada ya nyingine. Fundi wa Dar alipotaja bei, nikaona bora nirudi kwenye boriti. Siku hiyo Nesi alikuja kutoa kopi ya kadi ya bima. Akatazama zile kompyuta nilizozitandikia vitambaa.

"Hizi umezifunika za nini?"

"Zimekufa, Nesi."

"Umepima mapigo?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kompyuta haifi hivihivi, Bwana Mkurugenzi. Nipe moja. Ile unayoichukia kuliko zote."

Alinirudishia ikiwa inaruka. Nikampa nyingine, na nyingine. Hilo jina la Mkurugenzi halikuwa la heshima, lilikuwa la kunisuta kwa sababu ya bango, lakini nililipokea. Kuanzia hapo duka langu likawa linapumua kwa pumzi ya mtu mmoja, na raha ikaniondoka.

Mifumo yake aliipa majina ya watoto wa kwetu. Uliozaliwa Alhamisi ni Hamisi. Uliozaliwa umeme ukikatikakatika ni Tabu. Ule uliofufua kompyuta zangu, ambao mwenyewe hakutegemea ungesimama, ni Sikudhani. Uliofuata ulimtia wasiwasi tangu mwanzo akauita Mashaka.

Na kama mtoto wa kwetu, mfumo mpya hautoki nje kabla ya arobaini. Hili hakulifanyia mzaha. Akiumaliza anautia kwenye flashi, flashi anaifunga uzi mweusi, kama ule wa mkononi mwa kichanga, na flashi hiyo haivuki kizingiti chake. Siku zote hizo anautumia yeye mwenyewe. Anauchokoza, anauzimia umeme ghafla, anaupa kazi za kijinga, aone utalia wapi. Ukivuka arobaini, anakata uzi mweusi anafunga mweupe. Uzi mweupe ndio ruhusa. Mimi nilikuwa namwambia, "Nesi, dunia inakimbia, watu wanatoa vitu vipya kila leo." Ananijibu, "Na kila leo watu wanazika."

Wakati mashine yake inakusanya mfumo, kazi inayoweza kumaliza kutwa nzima, huruhusiwi kuongea kwa sauti nyumbani mwake. "Iko kwenye uchungu," anasema, na mimi mtu mzima, mwenye mke na mali, nikawa nanong'ona. Ikigoma mwishoni anasema, "Imetanguliza miguu," anafuta kila kitu, anaanza upya bila hata kuguna. Uvumilivu huo hakuwa nao kwa binadamu. Mwalimu mmoja alimletea kompyuta yake ya mapajani, akawa anajieleza na kujieleza. Nesi akaitundika kompyuta kwenye ile mizani yake ya zamani ya kupimia watoto, akasoma, akamwambia, "Uzito mzuri. Ugonjwa uko kwa mama." Baraza zima likacheka, mwalimu naye akacheka, na kompyuta ikapona.

Alipenda kutoa kuliko kutia. Anaufungua mfumo, anapitia kilichomo, kimoja kimoja. Michezo, toa. Saa tatu za nini, mbili toa. Lugha za nchi ambazo hakuna Mndengereko atakayekwenda, toa. Ukimwuliza kwa nini anapunguza sana: "Mgonjwa mwenyewe ana kumbukumbu kidogo, halafu umbebeshe mizigo ya harusi?" Lakini kilichobaki alikiremba. Salamu ya kufungulia, rangi, alama za kubofya. Ya kuchapa ilikuwa kalamu, ya kuzima ilikuwa mkeka uliokunjwa. Wateja wangu walijifunza kuzima kompyuta kwa kukunja mkeka.

Mtu wa kupingana na nafsi yake kama huyu sijamwona. Ukitaka kugusa kibodi yake unanawa mikono kwanza, kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko. Na kuku anapita juu ya meza, anatazamwa tu. Wagonjwa wake aliwaambia siku zote waache kujitibu, mwili upewe nafasi. Yeye mwenyewe hawezi kuacha mfumo unaofanya kazi ukafanya kazi. Akikaa dakika kumi mbele ya mashine nzima, mkono unamwasha. Mara nyingi nilifungua duka asubuhi baada ya yeye kupita jana yake, nikakuta kalamu imehamia kushoto na mkeka umekwenda juu, na foleni ya watu inanitazama mimi Mkurugenzi nikitafuta mahali pa kubofya kwenye mashine zangu mwenyewe.

Kuna fundi simu mmoja wa Ikwiriri aliuchukua Sikudhani, akabadilisha rangi, akaweka picha yake mwenyewe mbele, amevaa miwani ya jua, akautangaza kuwa wake. Mimi niliwaka. Nilitaka tumfuate na mgambo. Nikampelekea Nesi habari nikihema.

"Picha yake nzuri?" akauliza.

"Nesi! Amekuibia mtoto!"

"Mtoto hajaibwa, ameolewa. Mwambie anipe nakala."

Akapewa nakala. Akakuta yule fundi ametengeneza njia ya kuzifanya printa za zamani zielewane na mfumo. Nesi akaichomoa hiyo njia akaitia kwenye Mashaka, na kwenye orodha ya waliosaidia akaandika jina la fundi juu ya lake. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa raha yenyewe: kitu kinatoka mkononi mwako, kinazunguka, kinarudi kimeongezwa. Mimi ni mfanyabiashara. Kitu kikitoka mkononi mwangu nataka nijue kiko wapi.

Na hapo ndipo tatizo langu lilipokuwa. Nesi hakuchukua hela. Si yangu, si ya mtu. Nilimpelekea khanga doti mbili, akamvisha mzazi mmoja jirani. Nilimpelekea kamba wa Nyamisati ndoo nzima, wakubwa kama vidole vya mvuvi. Akapika, akaita mtaa, akaniwekea na mimi sahani. Nilimpa bahasha, akaichungulia, akanirudishia akasema, "Umesahau hii." Ungedhani jambo hili lilinifurahisha. Halikunifurahisha. Mtu uliyemlipa unaweza kumdai. Unaweza kumpigia simu ukamwambia njoo sasa hivi. Mtu asiyechukua chako, siku akichoka anakwenda zake na huna neno la kumwambia. Nilinunua kila kitu maishani mwangu, hata urafiki kidogo, na kitu kilichoshikilia duka langu kilikuwa cha bure.

Nikaanza kumchunguza afya. Akikohoa, namtumia asali. Akipanda bodaboda, namwambia dereva aendeshe kama amebeba mayai. Mvua kubwa ikinyesha Mtawanya natuma mtu kumsalimia. Mke wangu akanisema, "Hata mama yako hukumjali hivi." Nikamjibu mama yangu hakuwa na mashine tisa tumboni. Nilijaribu kumleta fundi mwingine, aliyevaa tai, ajifunze kwa Nesi. Alifungua kompyuta moja, akatazama mkeka na kalamu, akasema hajawahi kuona kitu cha namna ile, akaondoka na nauli yangu. Basi nikabaki. Kila nikilala najiuliza: huyu mama akianguka, nani atanifungulia milango?

Kulikuwa na jambo moja ambalo nilidhani ni wazimu wake tu wa kupenda kurembaremba. Kila mfumo mpya ulikuja na herufi nene kuliko uliopita. Za Hamisi zilikuwa za kawaida. Za Tabu zikanenepa. Sikudhani ulikuja na herufi kama maharage, na Mashaka kama mihogo. Barua ya ukurasa mmoja ilikuwa haienei kwenye kioo mpaka uisukume. Karatasi ilitoka sawasawa, lakini Mwanaidi, mchapaji wangu, alilalamika. Kisha rangi nazo: mandhari nyeusi, maandishi ya njano, kama kibao cha barabarani. Nilimwambia Nesi duka langu linafanana na usiku wa kuwinda nguruwe. Akasema, "Wazee watasoma vizuri." Nikaacha, maana wazee walisema kweli wanasoma vizuri.

Sasa msimu wa maombi ya vyuo ulikuwa unakaribia. Msimu huo ndio unaolisha duka mwaka mzima, na Mashaka ulikuwa unakataa katakata printa yangu mpya. Nikamwomba Nesi mfumo mwingine.

"Uko ndani. Haujavuka."

Nikamwomba tena.

"Haujavuka."

"Nesi, hii mimba ya tembo?"

"Haujavuka, Mkurugenzi. Na weye ukipiga simu tena utaurudisha nyuma."

Kisha Ijumaa moja akanitumia bodaboda na kitu kimefungwa kwenye kipande cha khanga. Nikafungua. Flashi, na uzi mweupe. Niliibusu, sisemi uongo. Mwanaidi akautia kwenye mashine zote, na Jumatatu tukafungua duka.

Mlangoni nina spika kubwa ya kupigia kaswida asubuhi na taarabu mchana, ili mtu ajue tupo. Imeunganishwa na mashine namba moja. Mwanaidi alipoiwasha, sauti ya kiume, kavu, isiyovuta pumzi, ikaiambia stendi nzima:

"Shikamoo Nesi. Leo ni Jumatatu."

Mwanaidi aliruka na kiti. Akawasha ya pili, nayo ikamsalimia Nesi. Ya tatu hivyohivyo. Kila alichobofya kilitajwa, kila neno aliloandika lilirudiwa. Tukatafuta pa kuinyamazisha hatukupaona, vioo vyote vyeusi na mstari mmoja wa njano mkubwa kama bango langu. Lakini printa mpya ilifanya kazi, na foleni ilikuwa imefika barabarani. Nikasema, tuendelee, sauti haiui mtu.

Mzee mmoja mkulima wa korosho alikuja kuchukua barua aliyoichapisha juzi yake. Mwanaidi akaifungua atoe nakala. Spika ikaanza:

"Yah, malalamiko juu ya mtendaji wa kijiji chetu. Mtendaji hafungui ofisi. Akifungua, analala."

Nikaruka kuchomoa waya. Nikachomoa wa feni.

"Tulimkuta amelala na mguu mmoja juu ya meza ya umma."

Mtendaji mwenyewe alikuwa wa tatu kwenye foleni, ameshika bahasha zake kifuani. Watu wote walimgeukia. Nikafika kwenye waya wa spika, na yeye akanyoosha mkono.

"Acha. Usizime. Nataka nisikie ni mguu gani."

"Mguu wa kushoto," ikasema mashine.

Stendi nzima ilipasuka kwa kicheko, makondakta, wauza mihogo, wote. Mtendaji alisubiri kicheko kiishe. Halafu akaniuliza kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha, "Bwana, leseni yako ni ya kuchapa au ya kutangaza?"

"Ya kuchapa, mheshimiwa."

"Basi jambo hili likome leo. Lisipokoma, nitalifikisha linapofika, na utafunga."

Nikachomoa spika, lakini kila mashine ina kijispika chake tumboni, ikaendelea kusoma kwa sauti ya mbu. Mama mmoja aliyekuwa na majibu yake ya hospitali akayakunja akayarudisha kwenye pochi. "Mie mambo yangu siyatangazi," akasema, akatoka. Wakamfuata wengine. Saa nne asubuhi ya msimu, duka langu lilikuwa na watu wawili, mimi na Mwanaidi, na mashine tisa zinazotaja saa.

Nilipanda bodaboda kwenda Mtawanya nimejaa maneno. Njiani yakaanza kunitoka moja moja, maana kuna jambo lilikuwa linanirudia. Huyu mtu sijawahi kumwona amekosea uzi. Umeme hukosea, mimi hukosea, printa hukosea. Nesi, uzi, hapana. Nikaipapasa flashi mfukoni, nikaitoa nikaitazama tena. Mweupe.

Nikiwa bado uani niliisikia sauti ileile kavu kutoka ndani. Wanawake waliokuwa wanatwanga nyumba ya pili wakanicheka. "Pita tu, baba. Nesi yuko na bwana wake wa kwenye sanduku."

Nikapiga hodi.

"Karibu, Mkurugenzi."

"Shikamoo Nesi. Umejuaje kama ni mimi?"

"Marahaba. Kwa viatu. Mtawanya hakuna mwingine mwenye viatu vinavyolia. Mbona unahema?"

Alikuwa amekaa mbele ya mashine yake, vidole vinakwenda kwenye kibodi, sauti inasema na yeye anaijibu kwa vidole, upesi, kama watu wawili wanaozozana na kupendana. Kioo kilikuwa kimezimwa. Cheusi kabisa. Hakukuwa hata na ule mstari wa njano.

"Nesi, kioo kimezimika."

"Nimekizima mwenyewe. Kinakula umeme bure."

Nikasimama. Kuku akapanda mezani akapita mbele ya uso wake. Wala Nesi hakupepesa. Yale maneno niliyokuja nayo sikuyaona tena. Nikamwekea flashi kiganjani.

"Nesi, uzi huu wa rangi gani?"

Akaupapasa kwa kidole gumba. Akaugeuzia mlangoni kwenye mwanga, akaugeuza tena, akausogeza karibu na jicho la kulia, kisha la kushoto.

"Mweusi," akasema. "Sivyo?"

"Mweupe, Nesi."

Akaiweka flashi mezani taratibu, akainyoosha iwe sawa na ukingo wa meza. Wanawake nje wakaendelea kutwanga.

"Basi Ijumaa nimemfunga mweupe mtoto mwingine. Wako ninao mie," akasema mwisho. "Na huo uliouchukua ni wangu. Haujavuka. Hata jina sijaupa. Umeutia kwenye mashine ngapi?"

"Zote."

"Umesemaje?"

"Umekuamkia wewe. Stendi nzima imekuamkia."

Mdomo ukaanza kumchezacheza. Nikamweleza habari za mtendaji, mpaka mguu. Alicheka akashika meza, akacheka mpaka machozi yakatoka kwenye macho yale, akayafuta kwa upande wa khanga. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama ile orodha kichwani mwangu: Hamisi kawaida, Tabu zimenenepa, Sikudhani maharage, Mashaka mihogo, kisha sauti. Alikuwa ananiambia mwaka baada ya mwaka, kwenye vioo vyangu mwenyewe, na mimi nalalamikia ukubwa wa herufi.

"Tangu lini, Nesi?"

"Tangu Tabu. Kwanza ilikuwa kama moshi wa jikoni. Nikakuza herufi. Zikafika pahala hazikuziki tena, nikatafuta wa kunisomea. Sauti ilikuwa ndani humohumo kwenye Linaksi, watu wema wameshaitengeneza, inasema mpaka Kiswahili, ila ilikuwa inatamka kama mgeni wa jana. Nimeifundisha adabu kidogo."

"Ni mtoto wa jicho?"

"Ni yeye. Nimewapeleka watu wangapi hospitali ya Utete kwa huyuhuyu? Wanatoka wanaona mpaka sindano."

"Sasa si twende! Gari nakodi mimi. Utete, Dar, unapotaka. Nalipa kila kitu."

"Weye unaogopea duka lako."

"Naogopea vyote viwili, duka na macho yako," nikasema.

Akamtoa kuku mezani kwa kumgusa tu, bila kumtafuta.

"Na mie naogopa," akasema. "Unashangaa? Nimeshika taa kwenye vyumba vile miaka. Walio wengi wanatoka vizuri, nawaambia hivyo na ni kweli. Lakini yule mmoja ambaye hakutoka vizuri, nilikuwa nimemshika mkono mie. Nikilala naona jicho lake, silioni langu."

Nesi anaogopa. Mtu aliyemgeuza mwanangu tumboni kwa mikono miwili huku anaimba. Nilikaa kwenye stuli bila kukaribishwa.

"Usihemee mgongoni kwangu," akasema. "Ngoja nikuokoe na mtendaji wako."

Akafungua kikopo cha maziwa, akatoa flashi ya uzi mweusi, akaichomeka. Nikamtazama akiukagua mfumo mzima kioo kikiwa kimezimwa. Sauti inasoma haraka nisishike hata neno, yeye anakata, anarudi, anapita, ameinamisha kichwa kama vile alivyokuwa akiweka sikio kwenye tumbo la mzazi. "Printa iko. Kalamu iko. Mkeka uko. Huu hausemi, ni bubu, usiogope. Umevuka tangu Ijumaa." Akaichomoa, akakata uzi mweusi kwa meno. Kisha akanisukumia kikopo cha nyuzi.

"Nipe mweupe. Sasa umepata kazi, Mkurugenzi. Ukinipa usio mweupe, utajua mwenyewe na stendi yako."

Nikautafuta uzi mweupe kwenye kile kikopo kwa mikono miwili, nikautazama mara mbili kwenye mwanga, nikampa. Akaufunga. Sikumbuki lini nilitazama kitu kwa makini hivyo.

Nikauliza lile swali langu la miaka yote, nikijua jibu. "Nikulipe nini, Nesi?"

"Hedifoni."

Nikadhani sikusikia.

"Za masikio mawili, ya sikio moja sitaki. Hawa jirani zangu wanajua salio langu, wanajua nani kaniandikia nini. Juzi imesoma ujumbe wa mtalaka wangu hapo uani, mpaka leo wananiimbia."

"Na Utete?"

"Utete tutaongea mtoto huyu wangu akivuka arobaini."

Sijui kama hiyo ilikuwa ahadi. Mpaka naandika, yule mtoto hajavuka, na mimi kila asubuhi nafungua duka nikiwa na roho mkononi. Mashine zimenyamaza, foleni imerudi. Ofisi ya yule mtendaji siku hizi inafunguliwa mapema, na nasikia anakaa amekunja miguu yote miwili chini ya kiti.

Siku ileile nilirudi stendi nikatia mfumo bubu, nikanunua hedifoni, nikapanda tena bodaboda kwenda Mtawanya. Alizivaa, akazipapasa pande zote mbili, akachomeka waya. Ile sauti ikakatika chumbani. Ikabaki michi ya nje na vidole vyake kwenye kibodi, kioo cheusi mbele yake. Akasikiliza, akatabasamu na kitu nisichokijua.

"Inasema nini?" nikauliza kwa sauti.

Akainua upande mmoja. "Inasema, Mkurugenzi ahemee nje."

Akaurudisha sikioni. Hedifoni hizo ndicho kitu pekee alichowahi kukipokea kutoka kwangu asikigawe wala kunirudishia. Muuzaji alitaka elfu kumi na tano. Nilipatana naye, maana mimi ndiye mimi: elfu kumi na mbili na mia tano.